Barua ya wazi kwa wakubwa wa sheria: jeraha halionekani lote siku ya kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Ndugu Mkurugenzi wa Mashtaka, Afande Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) na Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Waheshimiwa shikamooni, na poleni na majukumu. Nawaandikia wote wanne kwa pamoja maana jambo lenyewe liko katikati yenu, kila ofisi imelishika kipande na hakuna iliyolishika lote, na nikimwandikia mmoja najua nitaambiwa hilo nenda kwa mwenzangu. Mimi ni tabibu, niko kituo cha afya huku ukanda wa Kongwa, barabara hiyo hiyo ya Morogoro inayopita hapo kwenu Mtumba, mji wa Serikali, ndiyo inayotuletea majeruhi wetu kutoka minadani na mashambani. Mimi ndiye ninayejaza ile sehemu ya daktari kwenye PF3, ile fomu ya polisi anayopewa majeruhi aende nayo hospitali. Nimezijaza nyingi sana, na kuna kitu kinanikera miaka yote hii, leo nimeamua nikisema hadharani.

Kitu chenyewe ni hiki. Sheria yetu inapima kosa la kumpiga mtu kwa kuangalia amebaki na madhara gani, lakini sisi, yani hospitali, polisi na mahakama kwa pamoja, tunaandika hayo madhara siku ya kwanza tu na tunafunga kitabu.

Twende kwenye sheria kwanza, maana mwananchi wa kawaida anajua tu "kapigwa", hajui kwamba kupigwa kuna ngazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo asili yake ni ya mkoloni mwaka 1930 na tunakwenda nayo mpaka leo pamoja na marekebisho yake, inasema hivi (namba zote za vifungu humu kwenye barua nazitaja kama tulivyozizoea). Kifungu cha 240 ni shambulio la kawaida, kifungo kisichozidi mwaka 1. Cha 241 ni shambulio la kudhuru mwili, mpaka miaka 5. Cha 225 ni kumsababishia mtu madhara makubwa, hapo mpaka miaka 7. Na cha 222, pale mtu alipodhamiria kabisa kumletea mwenzake madhara makubwa, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Sasa angalieni, ugomvi unaweza ukawa ule ule, ng'ombe wameingia kwenye uwele wa mtu, fimbo ni ile ile na mpigaji ni yule yule, ila ukiweka nia pembeni kinachopandisha au kushusha kosa ni hali ya aliyepigwa. Madhara makubwa kisheria ni yale yanayohatarisha maisha, au yanayomwacha mtu na ulemavu, au yanayoharibu afya yake vibaya au kwa kudumu, au yanayomharibu sura daima, au yanayoumiza kwa uzito au kwa kudumu kiungo chochote cha nje au cha ndani, au macho, au masikio, milango yote ya fahamu. Mengi kati ya hayo yanataka muda ndio yajulikane. Hakuna tabibu duniani anayeweza kuangalia mkono uliovimba saa 3 usiku kwa tochi ya simu akasema huu utabaki umepinda au utanyooka.

Niwape mfano mmoja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane. Mama mmoja kaja na mkono ameushikilia kwa mkono mwingine, kapigwa na mpini wa jembe na shemeji yake wakigombania mpaka wa shamba la karanga. Kwa nje palikuwa na uvimbe na mchubuko kidogo tu, damu hamna. Ule upande wa mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka kifundo, upande wa kidole kidogo, ndio ulioumia, na kwa tuliozoea kazi hii ukiona pameumia hapo unajua kabisa mtu aliinua mkono kujikinga kichwa, ile fimbo ilikuwa inakuja kichwani. Hapo peke yake pana ushahidi mzito. Sasa kituo hatuna eksirei. Nikaandika nilichokiona, uvimbe, maumivu makali akiguswa, nashuku mfupa umevunjika, apelekwe hospitali ya wilaya akapigwe picha. PF3 ikarudi polisi siku ile ile na yule ndugu aliyemsindikiza, na kwenye hati ya mashtaka ikaja kusomeka shambulio la kudhuru mwili. Nauli ya kwenda kupiga picha ilipatikana baada ya kuuza kuku, siku zimeshapita, na picha ikaonyesha mfupa umevunjika na ncha zimepishana. Ile picha aliirudisha kwangu, hakuipeleka polisi, maana yeye anajua polisi alishamaliza, ana RB yake, ile namba ya kuandikisha kesi kituoni, mkononi na kesi ipo mahakamani. Mfupa ukaunga vibaya. Leo mkono haugeuki vizuri, hawezi kukamua nguo wala kusukuma mche wa kinu kama zamani, na mahakama iliyomhukumu shemeji yake haikuwahi kuambiwa hata siku moja kwamba kuna mfupa uliovunjika, kwa hiyo hakimu akatoa faini, na simlaumu hakimu maana alihukumu kilicholetwa mbele yake.

Na huo ni mkono, kitu kinachoonekana. Njooni kwenye sikio. Kofi moja la sikioni linaweza kupasua ngoma ya sikio, na kwa nje huoni kitu, hamna damu, hamna uvimbe, mwanamke anaingia anasema tu "dokta sikio linavuma". Ngoma ikipasuka mara nyingi inaziba yenyewe ndani ya wiki kadhaa, lakini nyingine haizibi, inaanza kutoa usaha na mtu anabaki na usikivu nusu. Sasa siku ya kwanza niandike nini? Nikiandika madhara madogo nimemdhulumu mama, nikiandika madhara makubwa na ngoma ikaziba nimemdhulumu mshtakiwa. Jicho nalo ndio balaa zaidi, mtu kapigwa ngumi ya jicho, wekundu umeisha, kaambiwa umepona, miezi inapita mtoto wa jicho anaanza kuota pale pale alipopigwa. Kichwa ndio nisiseme, mtu anafika anatembea mwenyewe, anaongea, anajibu maswali yote ya polisi, masaa machache baadaye analala na haamki kwa sababu damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu taratibu. Kuumwa na meno ya mtu vilevile, watu wanachukulia utani, vijana wametoka kwenye ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, mmoja kang'atwa kidole, baada ya siku nne kidole kimeoza mpaka kwenye kifundo na tunakikata.

Wanasheria watasema sheria inajua mambo haya yanachukua muda, na ni kweli inajua, na ndio maana nasikitika zaidi. Kwenye kuua, Kanuni ya Adhabu inampa aliyejeruhiwa mwaka mmoja na siku moja, akifa ndani ya muda huo kwa lile jeraha aliyempiga anaweza kujibu kesi ya kuua. Yani kwa aliyekufa sheria iko tayari kusubiri mwaka mzima, ila kwa aliyebaki hai na jicho moja hatuwezi kusubiri wiki 6? Na mlango wa kusahihisha upo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 234 inaruhusu hati ya mashtaka ibadilishwe kesi ikiwa inaendelea. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia mwendesha mashtaka kuna kitu kimebadilika. Hamna mtu mwenye jukumu la kumrudisha majeruhi hospitali, hamna fomu ya marudio, hamna tarehe. Na mtu akishahukumiwa kwa shambulio la kawaida na faini yake kalipa, kuja kumrudisha tena mahakamani kwa pigo lile lile ni mlima ambao mama wa kijijini hawezi kuupanda.

Naomba nirudi nyuma kidogo kwenye kaunta ya polisi, maana hapo ndipo kesi nyingi zinapokufa, na Afande IGP hapa nakuomba unisikilize kwa upole, siwasemi vibaya vijana wako, wengine nafanya nao kazi usiku kucha na ni watu wema. Majeruhi anafika kituoni anavuja damu, anaambiwa subiri uandikishe maelezo ndio upewe fomu. Au anakuja kwetu moja kwa moja, na kuna wahudumu wa afya, wa serikali na wa binafsi, ambao mpaka leo wanamwambia bila PF3 hatukugusi. Viongozi wameshatamka mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate, lakini tamko la bungeni huku halifiki kama waraka wenye muhuri, linafika kama habari ya redioni, na muuguzi aliyeko zamu peke yake anaogopa kwamba yatamkuta makubwa. PF3 ni karatasi ya ushahidi jamani. Kazi yake ni kumsaidia hakimu ajue kilichotokea, haikutengenezwa ili mtu asishonwe.

Halafu kuna suluhu. Hili ni refu kidogo nivumilieni.

Mimi ni mtu wa huku na najua thamani ya kupatana. Kijiji ni kimoja, kisima ni kimoja, watoto wanasoma shule moja, wazee wakikaa chini ya mti wakawapatanisha ndugu wawili waliopigana makofi msibani hilo ni jambo jema na mahakama hazina haja ya kujaa kesi za namna hiyo. Hata sheria inakubali, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 163 inamruhusu hakimu kuhimiza watu wapatane kwenye shambulio la kawaida, au kosa lingine la kati ya mtu na mtu lisilokuwa kosa kubwa na lisilokuwa na jambo la kulizidishia uzito, hata kwa kulipana fidia, na kesi ikaishia hapo. Sasa tazameni masharti yake, ni mahakama ndiyo inayopatanisha na ni kwa makosa madogo. Kinachofanyika huku ni kwamba suluhu inafanyika kaunta, au nje ya kituo kwenye benchi, siku ile ile au kesho yake, kabla hata mimi sijajua kama mfupa umevunjika. Ndugu wa mpigaji wanakuja na laki moja, wanasema hii ya matibabu, tuyamalize kifamilia, aliyepigwa anasainishwa karatasi kwamba hana madai. Anaichukua kwa sababu laki moja anaihitaji leo na kesi ni maneno ya mwakani. Akigundua baadaye kwamba jicho limekwenda, anaonyeshwa ile karatasi.

Na mara nyingi aliyepigwa ni mke. Tusizungushe maneno hapa. Mume anasema nilimrudi tu, na unakuta hadi mwanamke mwenzie anaitikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, imesema hivyo zaidi ya miaka 50 sasa, na bado mke aliyevunjwa taya anaambiwa kaongee na mshenga. Tunashukuru kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, palipo na askari wa dawati aliyefundwa tunaona tofauti kabisa, anampigia simu tabibu, anauliza mgonjwa anarudi lini. Lakini dawati liko mjini na kwenye vituo vikubwa, na usiku wa Jumamosi ugomvi unapotokea kule ndani aliyepo ni askari mmoja, daftari na mgambo.

Nimetaja mgambo, basi niseme na hili haraka. Pale aliyepiga anapokuwa ni mgambo au askari mwenyewe, aliyepigwa anatakiwa aende kuomba fomu kwa mwenzake na aliyempiga. Nimewaona wanaokuja kwangu bila PF3 kwa sababu hiyo tu, wanaomba niandike kwenye daftari la wagonjwa wa nje na wananiuliza kama daftari linatosha. Naandika. Ila watu wa namna hii wapewe njia nyingine, fomu ipatikane hata kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo au ofisi ya mashtaka ya wilaya. Mama Samia aliunda Tume ya Haki Jinai mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa mwaka huo huo. Kwenye kuitekeleza hiyo ripoti naomba jambo hili dogo la nani anatoa fomu lisisahaulike.

Upande wetu wa afya nao hauko safi, na Mheshimiwa Waziri wa Afya nakuomba usikie. Kuna PF3 zinajazwa neno moja, "michubuko", basi, na sahihi isiyosomeka. Jeraha halijapimwa urefu, kina hakijaandikwa, haijulikani ni kitu chenye ncha kali au butu, ni kushoto au kulia. Vyuoni mafunzo ya ushahidi wa kitabibu tunayapata kwa kugusa tu, na tabibu kijana akishaajiriwa anajifunza kwa kuangalia fomu ya aliyemtangulia. Huku kwetu wengi ni weusi tii, na mchubuko kwenye ngozi nyeusi siku ya kwanza unaweza usiuone kwa macho, unaujua kwa kugusa na kwa maumivu, siku ya pili ya tatu ndio unajitokeza. Mtu asiyejua hilo anaandika "hakuna jeraha lililoonekana" na wakili wa upande wa pili anaikamata hapo hapo. Picha ya simu yenye rula pembeni ya jeraha ingesaidia sana, sheria zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki kwa miaka mingi sasa, lakini mpaka leo hakuna aliyetuambia tuipigeje, tuihifadhi wapi na tumkabidhi nani, na picha ya mwili wa mgonjwa haiwezi kukaa kwenye simu yangu pamoja na picha za watoto wangu.

Kuna na suala la kuitwa mahakamani. Kwenye mahakama ya wilaya kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo kinaruhusu ripoti ya daktari ipokelewe, lakini mshtakiwa lazima aambiwe kwamba ana haki ya kutaka daktari mwenyewe aitwe ahojiwe. Hiyo haki ni nzuri na ningetaka mimi niwe nayo nikishtakiwa. Mahakama ya Rufani imeshaondoa PF3 kwenye kumbukumbu za kesi mara nyingi kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa. Hebu fikirieni, jeraha lilikuwepo, fomu ilijazwa, mtu kapigwa kweli, na karatasi inatupwa kwa sababu sentensi moja haikutamkwa. Na mimi mwenyewe nikiitwa, barua inafika tarehe imepita, au nimeshahamishwa kituo, au nauli natoa mfukoni na kituoni nimeacha foleni ya wagonjwa haina mtu wa kuihudumia. Wenzangu wengine wanaikimbia PF3 kwa sababu hiyo, mgonjwa wa kupigwa akija wanamsukumia mwingine.

Na fidia. Ukimuuliza aliyepigwa anataka nini, wachache watakwambia nataka yule afungwe miaka 7. Wengi wanataka gharama za matibabu, na miezi ambayo hakulima ilipwe, basi. Sheria inampa hakimu uwezo huo, kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu na cha 348 cha Sheria ya Mwenendo, akishamtia mtu hatiani anaweza kuamuru amlipe fidia aliyeumia. Lakini ni uwezo tu, sio lazima, na risiti zisipokuwepo mezani hakimu ataandika shilingi ngapi? Kwa hiyo faini inakwenda serikalini na mama anarudi nyumbani na mkono wake. Akitaka alipwe anaambiwa afungue madai, na madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka 3, na wakili anaanzia kwenye hela ambayo hata hiyo laki moja ya benchi haifiki. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imewasaidia watu kwenye ardhi na mirathi, naomba waliopigwa nao wakumbukwe, hawa hawajui kabisa kwamba wana haki ya kulipwa.

Sasa naomba nini. Ombi langu kubwa ni moja na mengine yananing'inia hapo. Iwepo ripoti ya marudio. Kila aliyeumizwa mfupa, kichwa, jicho, sikio, mkono, tumbo, au aliyeunguzwa na maji ya moto au mafuta, PF3 yake iwe na tarehe ya kurudi iliyoandikwa juu kabisa, tuseme baada ya wiki 6, na siku hiyo aonwe tena, bure, picha ya eksirei iwe bure, na ripoti ya pili iingie kwenye faili lile lile la polisi. Mpelelezi ndiye awe na jukumu la kuifuata, sio mgonjwa. Ndugu Mkurugenzi wa Mashtaka, waelekeze vijana wako wasimalize kesi ya namna hiyo kabla ripoti ya pili haijaonekana, na ikionyesha madhara makubwa wabadilishe shtaka, ikionyesha mtu kapona kabisa walishushe. Ndiyo, walishushe. Nimewaona pia vijana walioshtakiwa kwa madhara makubwa kwa sababu siku ya kwanza damu ilikuwa nyingi, kumbe ni ngozi ya kichwa tu ilichanika, na ngozi ya kichwa inavuja damu kupita kiasi kwa kawaida yake. Haki ya mshtakiwa nayo iko kwenye marudio. Na makosa haya yana dhamana, kwa hiyo kusubiri wiki 6 hakumaanishi mtu aozee mahabusu, apewe dhamana arudi kwake avune alizeti yake.

Afande IGP, toa waraka wenye muhuri, ubandikwe kila kaunta kwa Kiswahili kikubwa, kwamba anayevuja damu aende hospitali kwanza na askari amfuate na fomu, kwamba PF3 ni bure, na kwamba kesi yenye jeraha la aina hizo haipatanishwi kituoni kwa laki moja. Mheshimiwa Waziri wa Afya, waraka huo huo uwe na sahihi yako upande wa pili ili muuguzi wa zamu asiogope, na bajeti ya tabibu kwenda kutoa ushahidi iwepo, hata kama ni nauli tu ya basi.

Kwako Waziri wa Katiba na Sheria kuna kazi ya vifungu. Kimoja naomba wataalamu wako wakiangalie, cha 228. Ukimjeruhi mtu, yani ukamkata mpaka ngozi ikapasuka, adhabu ni mpaka miaka 3. Ukimpiga akavimba bila kukatika ngozi wakakushtaki kwa 241 ni mpaka miaka 5. Mimi nashona majeraha ya panga, na siwezi kumweleza mgonjwa kwa nini kukatwa kunaweza kuwa kosa dogo kuliko kuvimba. Pili, hakimu awe na lazima ya kuuliza habari ya fidia kila anapomtia mtu hatiani kwa kosa la kujeruhi, akiamua kutotoa aandike sababu.

Najua mtasema nchi ni kubwa na hela hamna. Basi anzeni na wilaya moja. Anzeni Kongwa. Kibaigwa kuna soko la mazao linalokusanya watu wa kila aina, kuna wakulima na wafugaji wanaogombana kila mavuno, kuna vilabu vya pombe, majeruhi hatuwezi kukosa. Mwaka mmoja unatosha. Mtaona ni PF3 ngapi zilizoandikwa madhara madogo zimekuja kuwa makubwa kwenye marudio, na ngapi zimekwenda kinyume chake. Mimi na wenzangu tutajaza hizo fomu bila posho, na rasimu ya ukurasa mmoja wa hiyo ripoti ya marudio tayari nimeiandika, mkiniita Mtumba nakuja nayo asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Tabibu, kituo cha afya, Kongwa, Dodoma